Kusafisha msimbo wa Linux si kufagia uwanja: wakaguzi wana haki ya kukataa

Tarehe 9 mwezi wa 12 mwaka 2023, wasimamizi wa Debian walikuwa wanatoa toleo 12.3 la mfumo wao, ambao unaendesha seva nyingi sana duniani. Siku hiyohiyo wakasimamisha kazi. Waliwaomba watumiaji wasisasishe kompyuta zao kwanza, kwa sababu kiini cha Linux kilichokuwa ndani, namba 6.1.64, kilikuwa na kasoro inayoharibu data kwenye mfumo wa mafaili uitwao ext4. Kesho yake likatoka toleo 12.4 likiwa na kiini kilichorekebishwa. Kwa wengi habari iliishia hapo. Lakini chanzo cha kasoro hiyo kinastahili kusomwa taratibu, maana kinagusa kazi ambayo hata mafundi wenyewe huidharau: kusafisha msimbo wa zamani, na kumkagua anayesafisha.

Kwa msomaji asiye fundi, mfumo wa mafaili ni karani wa ghala. Diski yenyewe ni vyumba vitupu vyenye namba. Karani ndiye anayejua picha za harusi ziko katika vyumba gani, nani ana ruhusa ya kuzifungua, na chumba gani kiko wazi. Akikosea, mali haiibiwi. Inabaki ghalani lakini hakuna anayejua iko wapi, au inawekwa juu ya mali ya mtu mwingine. Ext4, iliyokubaliwa katika kiini cha Linux kama mfumo kamili mwaka 2008, ndiyo karani huyo kwenye seva nyingi na kwenye simu nyingi za Android. Simu nyingine hutumia F2FS, iliyoanzia kwa Samsung. Mkaaji wa Goma au Lubumbashi ambaye hajawahi kusikia neno Linux anaitembeza mfukoni kila siku. Na mwenye sekretariati anayechapa barua za watu kwa kompyuta ya Linux, katika mtaa ambako umeme hukatika bila kuaga, anaitegemea kuliko fundi wa Berlin. Ext4 huandika kwanza kwenye daftari lake yale inayotaka kubadilisha katika orodha zake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi inasoma daftari, inamalizia kilichokamilika kuandikwa na kuacha kilichobaki nusu.

Kasoro ya 6.1.64 ilitokeaje? Mwaka huohuo wa 2023, Christoph Hellwig, mmoja wa waandishi wakongwe wa sehemu ya mafaili ya Linux, alituma mfululizo wa viraka vya usafi. Kiraka ni kipande cha mabadiliko: mistari hii iondoke, hii iingie. Lengo la mfululizo huo lilikuwa kukusanya mahali pamoja kazi iliyokuwa inarudiwa huku na huku, katika njia ambayo programu hutumia kuandika moja kwa moja kwenye diski bila kupitia kumbukumbu ya kati. Kiraka kimoja kilishusha chini kidogo mahali ambapo Linux husogeza alama inayosema "tumefika hapa" ndani ya faili. Maelezo yake yalikuwa mafupi: kinaandaa njia kwa kazi inayofuata. Kilikaguliwa, kikakubaliwa, kikaingia katika toleo 6.5. Hakikuharibu kitu.

Baadaye kikaja kiraka kingine, cha ext4 yenyewe, kurekebisha kasoro ya kweli ya jinsi ukubwa wa faili unavyohifadhiwa. Nacho kilikuwa kizuri. Linux ina desturi ya kurudisha marekebisho ya namna hiyo kwenye matoleo ya zamani yanayotunzwa kwa miaka mingi, na 6.1 ni mojawapo. Marekebisho ya ext4 yakarudishwa. Kiraka cha usafi hakikurudishwa. Nani angekirudisha? Kilikuwa ni usafi tu.

Kumbe kile cha pili kilikuwa kimesimama juu ya mabega ya kile cha kwanza. Katika msimbo wa zamani, alama ilisogezwa tu ikiwa kazi ya mwisho ya ext4 imejibu sifuri. Ext4 iliyorekebishwa ilianza kujibu kwa idadi ya baiti zilizoandikwa. Msimbo wa zamani ukaona namba ambayo si sifuri, ukaacha alama palepale. Programu ikiandika kipande cha kwanza, kisha cha pili, kipande cha pili kinaangukia mahali pasipo pake. Mashine zilizokuwa zinapima toleo jingine la zamani, 5.15.140, kabla halijatolewa, ziliona jaribio moja limeshindwa. Jan Kara wa kampuni ya SUSE alipofuatilia akaeleza kwamba 6.1 ina ugonjwa huohuo, na hiyo ilikuwa imekwisha kutoka. Dawa iliyowekwa katika 6.1.66 ilikuwa kile kiraka cha usafi chenyewe.

Hapo ndipo hoja inapoanzia. Kiraka kilichoelezwa kuwa cha kuandaa usafi kilikuwa kimebadilisha sharti la msimbo, na hakuna aliyeandika popote kwamba siku moja mtu atalitegemea. Si lawama kwa Hellwig, ambaye kazi yake ilikuwa safi kwa maana zote mbili za neno hilo, wala kwa waliomkagua. Lawama iende kwa mazoea ya kugawa viraka katika makundi mawili: vile "vya maana", ambavyo hukaguliwa kwa jicho kali, na vile vya "usafi", ambavyo hupita kama mgeni wa kawaida mlangoni. Katika mfumo wa mafaili mgawanyo huo ni wa hatari. Kwenye programu ya kuchora picha, kasoro ya usafi itaonekana kesho na mtu atacheka. Kwenye mfumo wa mafaili kasoro inaandikwa kwenye diski. Ukirekebisha msimbo leo, data iliyoharibika jana haijirudishi.

Mfano mkali kuliko wote wa usafi uliopita bila kueleweka hautoki kwenye mafaili. Unatoka kwenye usalama, na ni wa Debian tena. Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL ndani ya Debian alikuwa anasumbuliwa na malalamiko ya chombo cha kupima kinachoitwa Valgrind. Chombo kilisema kwamba mistari fulani inasoma kumbukumbu ambayo haijajazwa. Kwa kawaida hilo ni kosa kweli. Mtunzaji alifanya anachopaswa kufanya mtu mwangalifu: aliuliza waandishi wa OpenSSL kama anaweza kuondoa mistari miwili, na hakupata mtu wa kumzuia. Akaiondoa. Malalamiko yakaisha, msimbo ukaonekana msafi.

Mmoja wa mistari hiyo ndiyo uliokuwa unaingiza ubahatishaji katika utengenezaji wa funguo za siri. Baada ya kuondolewa, kitu pekee kilichobaki kikitofautisha ufunguo mmoja na mwingine ni namba ambayo mfumo huipa programu inapowashwa, na namba hizo hazizidi 32,768. Kwa aina moja ya kompyuta na ukubwa mmoja wa ufunguo, mwizi alihitaji kujaribu funguo elfu thelathini na kidogo tu, kazi ambayo kompyuta ya kawaida inaimaliza upesi. Kasoro hiyo ilikaa karibu miaka miwili, ikaingia Ubuntu pia, hadi Luciano Bello alipoigundua na ikatangazwa mwezi wa 5 mwaka 2008. Wasimamizi wa seva ulimwenguni kote wakalazimika kutupa funguo na kutengeneza nyingine. Mistari miwili. Na mtu aliyeiondoa alikuwa ameuliza.

Kuna wanaojibu kwamba mfano huo unamlaani mwandishi wa kwanza, aliyeacha mistari ya ajabu bila kuieleza. Wana haki nusu. Msimbo wa mfumo wa mafaili umejaa mistari ya namna hiyo: inaonekana kama uchafu, kumbe ni kovu la ajali ya zamani. Mtu aliwahi kupoteza data, akaja fundi akaweka sharti moja la ziada, akaenda zake. Miaka 15 baadaye anakuja kijana mwenye macho mapya, anaona sharti lisilo na maana, analifuta, na majaribio yote yanapita kwa kuwa hakuna aliyewahi kuandika jaribio la ajali ile. Jengo linabaki limesimama hadi siku upepo wa zamani utakapovuma tena. Lakini mkaguzi hakagui mwandishi wa mwaka 2005. Anakagua kiraka kilicho mbele yake leo, na swali lake la kwanza linapaswa kuwa: aliyeweka mstari huu aliogopa nini? Git, chombo ambacho Linus Torvalds alikiandika mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza historia ya Linux, kinaweza kumjibu. Kila mstari una jina la aliyeuandika, tarehe, na maelezo aliyoyatoa siku ile.

Na hii ndiyo sababu moja ambayo watunzaji wa mifumo ya mafaili hukataa viraka vya kupamba tu, vya kusogeza nafasi, kupanga mabano na kurekebisha tahajia ndani ya msimbo. Kila kiraka cha mapambo kinaweka jina jipya juu ya mstari wa zamani. Anayetafuta historia ya kasoro usiku wa manane, seva ya mteja ikiwa imelala, anakutana kwanza na "kupanga nafasi vizuri", inabidi apite hapo, akutane na "kubadilisha jina", apite tena, ndipo afike kwa yule aliyejua. Sababu ya pili ni kwamba mistari ikisogezwa, marekebisho ya kweli hayaingii tena kirahisi kwenye matoleo ya zamani, na mtu analazimika kuyashona kwa mkono. Yaliyotokea kwa 6.1.64 yanatosha kuonyesha kazi ya kurudisha viraka ilivyo nyembamba hata pale inapoonekana rahisi.

Hapa kuna malalamiko ambayo hayafai kupuuzwa. Kwa mwanafunzi wa kompyuta wa Bukavu, Kampala au Dar es Salaam, kiraka cha usafi ndicho mlango ulio wazi zaidi wa kuingia Linux. Hana mashine za maabara, hana mwajiri anayemlipa kusoma msimbo, intaneti anainunua kwa megabaiti. Linux yenyewe ina programu ndogo iitwayo checkpatch inayotafuta makosa ya mtindo, na mtu akiiendesha juu ya msimbo wa zamani inamtolea orodha ndefu ya mambo ya "kurekebisha". Anarekebisha matatu, anatuma, anangoja. Jibu linakuja kwa mstari mmoja: hapana, hatupokei viraka vya namna hii. Wengine hawapati jibu kabisa. Ni rahisi kuona hapo dharau, na wako walioiona na wasirudi.

Dharau imekuwapo kweli. Torvalds mwenyewe mwezi wa 9 mwaka 2018 aliomba radhi kwa lugha yake kali ya miaka mingi, akapumzika kwa muda, na kipindi hichohicho Linux ikapitisha kanuni mpya za mwenendo. Mkaguzi anayekataa bila sentensi moja ya sababu anafanya nusu ya kazi yake. Lakini kukataa kwenyewe si dharau, na wanaotaka mlango uachwe wazi kwa kila kiraka kidogo, kwa jina la kuwakaribisha vijana, wanawakaribisha jikoni kwa kuwapa kisu cha daktari. Msimbo wa mafaili si mahali pa kujifunzia ufagio. Linux ilitenga sehemu kwa ajili hiyo, inaitwa staging, ambako msimbo wa vifaa ambao bado haujakomaa huwekwa ili usafishwe, na wapya wanakaribishwa kabisa. Mtu akikosea huko, kifaa kimoja hakiwaki.

Kwa anayetaka mafaili na si kitu kingine, kuna mlango ambao wachache wanaupita: majaribio. Mkusanyo wa majaribio uitwao fstests ulianza kwa ajili ya XFS, mfumo wa mafaili wa kampuni ya SGI, na leo unatumiwa na ext4, Btrfs na wengine. Unaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida yenye diski ya bandia. Kijana anayesoma kasoro ya zamani katika historia ya Git, akagundua haina jaribio, akaliandika, amefanya kazi kubwa kuliko viraka 50 vya nafasi. Tena hakuna anayehitaji ruhusa ili kukagua. Viraka vya mifumo hii vinajadiliwa hadharani, na yeyote anaweza kusoma cha mwenzake na kuuliza: mstari huu ukiondoka, nini kinatokea diski ikijaa? Swali zuri kutoka kwa mtu asiyejulikana husomwa. Tena jina la mtu hukumbukwa upesi kwa maswali kuliko kwa mabano.

Isieleweke kwamba kusafisha kuachwe. Wapo wazee wa msimbo wanaokataa kila kitu, na nyumba zao zinaoza. ReiserFS ilikuwa ya kwanza yenye daftari kuingia katika Linux, mwaka 2001, na wakati wake ilisifiwa. Mwandishi wake, Hans Reiser, alihukumiwa mwaka 2008 kwa kumuua mkewe, na hata kabla ya hapo kampuni yake ilikuwa imeelekeza nguvu kwenye mfumo mwingine mpya. Msimbo ukabaki mikononi mwa watu waliouhurumia tu. Na mwanzoni mwa 2022 Matthew Wilcox wa kampuni ya Oracle aliuliza kama wakati wa kuuondoa haujafika, kwa sababu alitaka kusafisha sehemu inayotumiwa na mifumo yote ya mafaili, na ReiserFS ilikuwa inamzuia. Msimbo mmoja usioguswa ulikuwa unawazuia majirani wote wasifagie.

Jinsi ilivyoondolewa ni mfano wa ukaguzi uliofanywa vizuri. Toleo 5.18 la mwaka 2022 liliwaonya watumiaji kwamba mfumo huo utaondoka mwaka 2025. Wakaachiwa muda wa kuhamisha data. Kisha Jan Kara akatuma kiraka cha kufuta zaidi ya mistari 32,000, kikaingia katika toleo 6.13 la mwezi wa 1 mwaka 2025. Hakuna aliyeamka asubuhi akakuta mafaili yake yamefungiwa bila taarifa. Yeye ndiye aliyeongoza pia kuondolewa kwa msimbo wa ext3 mwaka 2015, katika toleo 4.3, baada ya kuthibitika kwa miaka kwamba msimbo wa ext4 unaweza kufungua diski za ext3 bila shida. Diski za zamani zikaendelea kufunguka, karani akiwa mmoja badala ya wawili. Mistari maelfu iliyofutwa hapo ilikuwa salama kuliko ile miwili ya OpenSSL, na tofauti si ukubwa. Tofauti ni kwamba kila aliyehusika alijua mistari hiyo ilikuwa inafanya nini.

Upande wa usalama nao umebadilisha maana ya "kiraka kidogo". Mwaka 2021 ilijulikana kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, huko Marekani, walikuwa wametuma viraka vichache vilivyoonekana kama marekebisho madogo, kwa majina ya uongo, huku vimefichwa kasoro ndani, ili kupima kama wakaguzi watashtuka. Greg Kroah-Hartman, mtunzaji wa matoleo ya kudumu ya Linux, aliwafungia mlango, na viraka vya miaka iliyopita kutoka chuo hicho vikaanza kukaguliwa upya kimoja kimoja, hata vya wasio na hatia. Watafiti waliondoa makala yao. Walichodai kuthibitisha kilikuwa kinajulikana. Walichopoteza ni saa za watu ambao hawakuwa na saa za kupoteza.

Miaka mitatu baadaye ikaja kesi ambayo haikuwa utafiti. Mtu au kikundi kilichojiita Jia Tan kilisaidia kwa zaidi ya miaka miwili kutunza xz, programu ya kubana data inayotumika karibu kila mahali kwenye Linux. Viraka vyake vya kwanza vilikuwa vya kawaida kabisa. Mtunzaji mkuu alikuwa amechoka na alisukumwa hadharani akubali msaidizi. Mwezi wa 3 mwaka 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aligundua mlango wa nyuma kwa sababu kuingia kwenye seva yake kulichelewa kama nusu sekunde. Walipopitia historia yote, wachunguzi walikuta kiraka kilichodai kurekebisha upimaji wa ulinzi unaoitwa Landlock. Ndani yake kulikuwa na nukta moja, imekaa peke yake mwanzoni mwa mstari. Nukta hiyo ilifanya jaribio lishindwe kila mara, na ulinzi ukazimwa kimyakimya kwa waliotengeneza programu kwa njia hiyo. Mkaguzi aliyezoea kuruka viraka vya kurekebisha upimaji hana jicho la kuona nukta.

Kwa hiyo mkaguzi anaombwa aone nukta, akumbuke ajali za mwaka 2005, atabiri ni kiraka gani kitarudishwa kwenye toleo la zamani, na ajibu kwa upole. Nani anamlipa? Baadhi wanalipwa na SUSE, Red Hat, Oracle, Meta, Google. Lakini wanalipwa zaidi kwa kujenga vitu vipya, na ukaguzi wa kazi za wengine hubaki wa jioni. Darrick Wong, aliyekuwa mtunzaji wa XFS kwa miaka kadhaa, aliachia nafasi hiyo mwaka 2023 akieleza kwamba majukumu mengi mno yamerundikwa juu ya mtu mmoja: kupokea ripoti za kasoro, kupima, kukagua, kuandika, kutoa matoleo. Nafasi ilipokelewa na Chandan Babu. Kampuni zinazouza simu kwa mabilioni ya dola na zile zinazokodisha seva huhesabu mistari mipya wanayochangia wafanyakazi wao, na huitangaza. Hakuna inayotangaza viraka ambavyo mfanyakazi wake alivikataa na akawa sahihi.

Hilo ndilo linalopaswa kubadilika kwanza, kabla ya kanuni nyingine yoyote ya mtindo. Saa za kukagua ziandikwe kama kazi. Mwandishi wa kiraka cha usafi ndani ya ext4, XFS au Btrfs aseme waziwazi ni sharti gani limesogea, hata kama anaamini halijabadilika, na aoneshe jaribio lililopita kabla na baada. Mfululizo mrefu ukatwe vipande ambavyo mtu anaweza kuvielewa kabla kahawa haijapoa. Watunzaji wengi tayari wanaomba hayo. Wanachokosa ni mwajiri anayekubali kwamba juma zima la kusoma viraka 30 vya mwenzake, bila kuandika hata mstari mmoja wake, ni juma la kazi.

Wilcox, yule aliyeuliza kuhusu ReiserFS, amekuwa akiongoza kwa miaka usafi mkubwa kuliko wote katika sehemu hiyo: kubadilisha jinsi Linux inavyoshika vipande vya mafaili katika kumbukumbu. Mwanzo wake uliingia katika toleo 5.16, mwezi wa 1 mwaka 2022, na mifumo ya mafaili imekuwa ikihamishwa mmoja baada ya mwingine, sehemu kwa sehemu. Kuna wanaonung'unika kwamba ni polepole. Kwa karani anayehama ghala huku wateja wanaingia na kutoka, mwendo huo ni wa kawaida.

XFS nayo ina muundo wa zamani wa diski, wa nne, ambao watunzaji wake wanataka kuuondoa. Walitangaza mwaka 2020 kwamba unaelekea kufa. Kuanzia mwezi wa 9 mwaka 2025 ulipangwa uzimwe kwa kawaida, anayeuhitaji auwashe mwenyewe anapotengeneza kiini. Kufutwa kabisa kumewekwa mwezi wa 9 mwaka 2030. Mwenye diski ya muundo huo, iwe Nairobi, Lubumbashi au Paris, amepewa miaka 10 ya kuhamisha mafaili yake, na tarehe imeandikwa ndani ya maelezo ya kiini chenyewe.